Je, Tutaulizwa Waliyotenda Wazee Wetu?



Katika sura nyingi za Qur'an, Allah (S.W.) anatutaka tutembee katika ardhi, kisha tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Tunapoisikia amri hii darasani, mawazo yetu huenda kwa kina Aad, kina Thamud na Firauni. Hao wako mbali nasi, na kuwatazama hakutugharimu kitu. Swali ninalolileta mbele yenu ni gumu zaidi. Itakuwaje pale ambapo waliotutangulia ni wazee wetu wenyewe, watu waliosali kama tunavyosali na kusema lugha tunayoisema, na nyayo zao zikatuonesha dhulma? Je, dhambi yao iko shingoni mwetu? Na kama haiko, je, tuna ruhusa ya kunyamaza?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata njiani, kwa miguu, na aliyeniuliza alikuwa mzee asiye Mwislamu.

Njia ya kwenda kwa Kazembe

Mwezi wa Julai, wakati wa likizo, nilikuwa Nchelenge, mji ulio ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kwa mjomba wangu anayenunua samaki huko. Siku moja, baada ya sala ya Alfajiri, nilitoka kuelekea kusini kwa njia ya kwenda Mwansabombwe, makao makuu ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Kufika huko ni zaidi ya kilomita 50, kwa hiyo sikutarajia kufika. Nilitaka tu kutembea siku nzima katika nchi ambayo misafara ya pwani iliifahamu vizuri kuliko tunavyoifahamu sisi leo.

Njia hii haina vibao vya watalii. Ni barabara ya lami yenye baiskeli nyingi, na pembeni yake vijia vya miguu vinavyopita kati ya mashamba ya muhogo na miembe. Mkono wa kulia kuna ziwa, na ng'ambo yake ni Kongo. Juu ya mchanga wanawake walikuwa wameanika chisense, dagaa wa ziwa hilo, wakiwageuza taratibu ili jua liwafikie wote. Ukizidi kwenda kusini ziwa linaishia, na vinaanza vinamasi vya mto Luapula, matete hadi mwisho wa macho.

Walunda wa Kazembe walifika bonde hili katika karne ya 18, wakitokea magharibi. Ufalme wao ukakaa katikati ya njia mbili: moja ya kwenda kwa Wareno, nyingine ya kwenda pwani yetu ya mashariki. Wabisa walibeba pembe zake hadi upande wa Kilwa. Mwaka 1798 Mreno Lacerda alitoka Tete akafika kwa Kazembe, akafia huko. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, wakawa wanakuja wenyewe kufuata pembe, shaba ya Katanga na watu. Wengine walijenga makazi katika nchi ya Itabwa, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammad el-Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, alimshinda huko Nsama, mtawala wa Itabwa, na akaja kuvisimulia vita hivyo katika habari za maisha yake kwa Kiswahili chepesi kabisa. Novemba ya mwaka huo huo David Livingstone aliliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, kisha akashuka hadi kwa Kazembe. Alikuwa amekaa na kusafiri na wafanyabiashara hao wa pwani.

Nilikuwa na begi lenye maji, mkate, mswala na nguo ya kubadili. Halikufika kilo sita. Ilipofika saa nne asubuhi mabega yalikuwa yanauma. Mpagazi wa msafara alibeba karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32, kwa miezi. Ni haki tuseme kwamba wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira na kuionea fahari. Si kila aliyepita katika njia hizi alikuwa amefungwa. Lakini walikuwapo wengine waliotembea wakiwa na kongwa shingoni, wake kwa waume, wakiwa hawajapatana bei na mtu yeyote.

Adhuhuri nilitia udhu kwa maji ya ziwa na kusali chini ya mwembe. Karibu yangu mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu. Nilimsalimu kwa desturi ya kule, kwa kuinama kidogo na kupiga makofi polepole: "Mwapoleni mukwai." Akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Kongo, kwani alipokuwa kijana alivua upande wa Pweto. Alitaka kujua ninatokea wapi. Nikamwambia pwani. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema:

"Bankambo benu njo bale balikuwa banapita hapa na minyororo?"

Yaani: mababu zenu ndio wale waliokuwa wakipita hapa na minyororo? Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayethibitisha ukoo wa mgeni. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, walikuwamo." Akatikisa kichwa, akanisogezea muhogo wa kuchemsha, na tukaongea habari za samaki.

Jibu langu lilikuwa la maneno matatu. Lakini ninajua, nanyi mnajua, kwamba katika mabweni yetu na katika mijadala yetu kuna majibu mengine manne yanayotolewa kwa swali hili. Naomba tuyapime moja baada ya jingine.

Majibu manne

Jibu la kwanza ni: hayo si yangu. Lina hoja yenye nguvu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 134, tunafundishwa kwamba umati uliopita una ulichokichuma na sisi tuna tulichokichuma, na hatutaulizwa waliyokuwa wakiyatenda wao. Katika Surat al-An'aam, aya ya 164, tunafundishwa kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Tafakarini maneno hayo katika njia ambayo watu walibebeshwa mizigo ya wengine kwa nguvu! Siku ya Kiyama utaratibu huo unakatazwa kabisa. Kwa hiyo anayetaka kumfanya kijana wa leo kuwa mkosaji kwa sababu ya biashara ya mwaka 1867, anakwenda kinyume na uadilifu wa Allah. Mimi si mwenye hatia, wala wewe.

Lakini angalieni tunavyoitumia aya hii. Tunapotaja msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, tunasema "wetu". Tunapotaja Kiswahili kilivyoenea hadi Kongo, tunasema "wazee wetu walikieneza". Tukitajiwa kongwa, ghafla wazee wanakuwa "wao". Hapa fikihi ya mirathi inatufundisha adabu. Maiti anapoacha mali, madeni yake hulipwa kabla ya warithi kugawana. Mrithi halazimiki kulipa kwa mali yake mwenyewe kile kilichozidi urithi, kwa maana deni si lake. Lakini hawezi kuchukua nyumba na mashamba kisha akamfukuza mwenye kudai mlangoni. Sisi tumerithi lugha, majina, heshima na historia. Aliyerithi hivyo anawajibika kuwasikiliza wanaodai. Na wadai katika jambo hili hawaombi fedha kwangu mimi mwanafunzi. Kile ninachoweza kuwapa, na ambacho ni haki yao, ni ukweli.

Jibu la pili ni: mbona wengine walifanya pia? Ni kweli. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Wareno walinunua. Watawala wa bara waliuza. Kazembe mwenyewe hakuwa mtoto mikononi mwa watu wa pwani. Livingstone alimkuta kwake Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiwa huko kwa miaka mingi. Ni kweli pia kwamba Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijitangaza kuwa adui wa biashara ya watumwa, kisha utawala wake ukawakata mikono watu wa Kongo kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo tuna haki ya kukataa hadithi inayomwona Mwarabu na Mswahili peke yao. Hiyo si historia, ni propaganda, na ilitumika kuhalalisha dhulma nyingine.

Hata hivyo, kutaja makosa ya jirani si kujibu swali lako. Hakimu akimuuliza mtu kama aliiba ng'ombe, hawezi kujibu kwamba kijiji kizima kina wezi. Mzee yule aliniuliza habari za bankambo wangu. Kama ningeanza kumhubiria habari za Wafaransa, angejua kwamba ninamkimbia.

Jibu la tatu ni: watumwa wa Waislamu walitendewa vizuri. Kati ya majibu yote, hili ndilo linalovutia zaidi, kwa kuwa lina sehemu ya kweli. Dini yetu iliamrisha wema kwa mtumwa, ikafanya kumwacha huru kuwa kafara na ibada, na wako waliotii. Hata katika njia hizi tunakuta wema wa ajabu. Mapema mwaka 1869 Livingstone aliugua mapafu hata akashindwa kutembea. Aliyemtibu na kumtengenezea kitanda cha kubebwa hadi Ziwa Tanganyika alikuwa Muhammad Bogharib, mtu wa pwani, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alimhudumia mtu asiye wa dini yake, aliyekuwa akiandika dhidi ya biashara hiyo hiyo. Huo ni ukarimu wa kweli, na sitaki kuupunguza.

Lakini mkono ule ule uliompa mgonjwa uji ulikuwa katika biashara ya kununua watu. Na hapa ndipo pana ibra kwetu, kwa sababu sisi hudhani kwamba dhalimu ni lazima awe na uso wa kutisha. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na sala, ukarimu na maneno mazuri, na bado akawa ameikubali dhulma moja kubwa kwa kuwa kila mtu katika soko lake ameikubali. Wema wake kwa mgeni haumlipi aliyefungwa. Kila mmoja ana haki yake kivyake.

Tena swali la kwanza si mtumwa alitendewaje nyumbani, bali alipatikanaje. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) anatufikishia kauli ya Allah kwamba kuna watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mvuvi aliyekamatwa katika uvamizi, mwanamke aliyetekwa akiwa shambani, mtoto aliyeporwa wakati kijiji kinaungua, wote hao walikuwa watu huru. Tusidhani kwamba haya ni mawazo mapya tuliyofundishwa na Wazungu. Mwaka 1615 Ahmad Baba, mwanachuoni wa Timbuktu, aliandika kuwatetea watu waliokuwa wakifanywa watumwa bila haki. Ahmad Bey wa Tunis, mtawala Mwislamu, aliufuta utumwa katika nchi yake mwaka 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, chini ya vitisho vya Uingereza. Ilikuwa imewezekana kufanya haki mapema zaidi, kwa dalili za dini yetu wenyewe.

Jibu la nne halina maneno: ni kunyamaza. Wanaolishika husema kwamba tumeamrishwa kumsitiri Mwislamu, na kwamba maiti hasemwi. Ni kweli tumekatazwa kuwatukana maiti, kwa maana wameshayafikia waliyoyatanguliza. Mwisho wa Tippu Tip au wa Bogharib mbele ya Mola wao si kazi yangu kuuhukumu, na ninawaombea rehema kama ninavyojiombea. Lakini sitara ni kwa dhambi ya mtu na nafsi yake. Dhulma ina mwenye kudhulumiwa. Wanazuoni, na Imam Nawawi ni mmoja wao, wametaja malalamiko ya aliyedhulumiwa kuwa miongoni mwa hali ambazo kumtaja mtu kwa ubaya si usengenyaji. Ukimsitiri mwenye panga, umemwacha uchi aliyekatwa.

Tunachoulizwa sisi

Sasa tunaweza kuweka aya mbili pamoja. Al-Baqara 134 inasema hatutaulizwa waliyotenda. An-Nisaa 135 inatuamuru tusimame imara kwa uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Zinaweza kuonekana zinapingana, lakini kila moja inaikamilisha nyingine. Ya kwanza inatuondolea mzigo wa dhambi yao. Ya pili inatupa amana ya ushahidi wetu. Na kwa kuwa ya kwanza imeshatutua mzigo, hatuna tena sababu ya kuiogopa ya pili. Anayejua kwamba hatachomwa kwa kosa la babu yake anaweza kulisema kosa hilo kwa sauti tulivu. Anayetetea kwa jasho na hasira mara nyingi ni yule ambaye moyoni bado anadhani anashitakiwa yeye.

Mtume (S.A.W.) alituambia tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa, na akaeleza kwamba dhalimu husaidiwa kwa kumzuia asidhulumu. Tutamzuiaje aliyekwisha kufa? Mkono wake hatuwezi kuushika tena. Ila kuna sehemu ya dhulma inayoendelea kuishi baada ya mtendaji: ule uongo unaoifunika, ile dharau kwa watu wa bara, yale matusi ya "mtumwa" ambayo hadi leo yanasikika pwani mtu anapotaka kumshusha mwenzake. Hiyo tunaweza kuizuia. Tukiizuia, tumewasaidia wazee wetu kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwetu, pamoja na dua.

Na ushahidi wa kweli juu ya jana hutufungua macho juu ya leo. Miongoni mwetu kuna madalali wanaowapeleka mabinti wa Afrika Mashariki kufanya kazi za ndani Ghuba kwa ahadi tamu, na wengine wao hufika wakanyang'anywa pasi na kufungiwa. Dalali huyo anaweza kuwa jirani mwema, mchangiaji wa msikiti, mwenye futari kubwa kuliko zote mtaani. Jamii iliyozoea kusema "wazee wetu walikuwa wakarimu" ikaishia hapo, itasema hivyo hivyo juu yake. Iliyojifunza kuuliza "na yule aliyefungwa je?" itamsimamisha.

Katika Surat al-Balad Allah anataja njia ngumu ya mlimani, al-'aqaba, kisha anatueleza ni nini: kumwacha huru mtumwa, au kulisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au maskini aliyelala mavumbini. Njia hiyo haipandwi kwa miguu, na bado ipo wazi. Katika wilaya ile ile ya Nchelenge, tangu mwaka 2018, kuna makazi ya Mantapala yanayowapokea wakimbizi waliokimbia mapigano upande wa Kongo. Wengi wao wanasema Kiswahili. Lugha iliyowahi kusikika huko ikitoa amri kwa waliofungwa kongwa, leo inasikika ikiomba unga, dawa na nafasi ya mtoto darasani. Jumuiya yetu hukusanya sadaka kila Ramadhani, na kila mwaka tunajadiliana zipelekwe wapi. Napendekeza kwamba mwaka huu sehemu yake iende Mantapala, kwa Waislamu na wasio Waislamu bila kubagua. Tusiite fidia, maana fidia ya watu wale hatuna uwezo nayo. Tuite sadaka, na tumwombe Allah aikubali.

Wabillahi tawfiq.